Anayezika Ana Haki ya Kuuliza

Barua ya wazi kwa maaskofu, wachungaji na wazee wa makanisa ya Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria

Wahashamu Maaskofu, mapadre, wachungaji, makatekista, wainjilisti na wazee wa kanisa,

 

Nawaandikia kwa pamoja, ninyi wa Jimbo Kuu Katoliki la Mwanza na wa Dayosisi ya Victoria Nyanza, wa Dayosisi ya Mashariki ya Ziwa Victoria na wa Africa Inland Church, pamoja na wachungaji wa makanisa ya kipentekoste yaliyoenea kila mtaa, kwa sababu jambo ninalolileta halina dhehebu. Ninyi ndio mnaotuzikia watu wetu wanaokufa majini. Mnafika wa kwanza, mnakesha na wafiwa, mnaongoza sala kaburini, mnarudi siku ya arobaini. Kwa hayo tunawashukuru. Lakini udongo ukishafukiwa, suala la nini kilichomuua marehemu mnaliacha mikononi mwa tume, polisi na wanasiasa. Naamini kwamba kuuliza ni sehemu ya imani tunayoikiri kila Jumapili, na kwamba kanisa la mwambao huu litakuwa limezika nusu tu ya wajibu wake likizika bila kuuliza. Nitajaribu kulionyesha hilo kwa Maandiko, kwa historia yetu, na kwa kazi ambayo makanisa yenyewe yaliwahi kuifanya.

Tuanze na yaliyotokea, kwa kuwa mjadala wa imani na haki hupotea haraka ukianzia hewani. Asubuhi ya 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza, ikitokea Bukoba na Kemondo. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya majina ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu, walikosafiri wenye nauli ndogo, halikuwa na orodha kabisa. Meli ilielea tumbo juu kwa saa kadhaa, watu wakiwa hai ndani yake, na waokoaji walipotoboa chuma ili wawatoe, hewa iliyokuwa imeishikilia ikatoka, ikazama. Hesabu ya waliokufa inayotajwa zaidi ni 894, lakini ni makadirio, kwa sababu maskini wa daraja la tatu hawakuandikwa walipopanda. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, na wengi wa marehemu wakazikwa katika makaburi ya Igoma.

Miaka 22 ikapita. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilichotoka Bugolora kilipinduka mita chache kutoka gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Kilikuwa na ruhusa ya kubeba watu 101. Waliokufa walikuwa 228 na waliookolewa 41, yaani kilibeba zaidi ya mara mbili na nusu ya watu wake halali, pamoja na mizigo ya siku ya gulio. Giza lilipoingia uokoaji ukasimamishwa hadi asubuhi. Wabunge wa upinzani walisema siku zile zile kwamba walikuwa wameshalalamikia hali ya kivuko hicho kabla ya ajali. Rais Magufuli alisema wazi kwamba kulikuwa na uzembe, akaagiza wahusika wakamatwe, bodi zikavunjwa, maombolezo ya siku nne yakatangazwa. Ukiziweka ajali hizi mbili kando kwa kando utaona kwamba chanzo hakikubadilika: chombo kilichojazwa kupita kiasi, abiria wasiohesabiwa, na uokoaji usiokuwepo pale ulipotakiwa. Kilichobadilika ni majina ya marehemu.

Na tusidhani kwamba ni vyombo vikubwa tu. Jumapili ya 30 Julai 2023, katika wilaya ya Bunda, waumini zaidi ya kumi waliokuwa wakirudi kutoka ibadani walizama kwa mitumbwi. Walikuwa wametoka kumwabudu Mungu. Kama kuna msiba ambao hakuna mchungaji anayeweza kusema haumhusu, ni huo. Miezi kama tisa kabla yake, 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka majini karibu na uwanja wa Bukoba, waliofika wa kwanza kuokoa walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Watu 24 kati ya 43 walitoka hai, na taifa likawasifu wavuvi wale kwa haki kabisa. Lakini sifa ile ilificha aibu: hatua chache kutoka uwanja wa ndege wa mkoa, kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, kikosi cha uokoaji kilikuwa ni mvuvi na kasia lake.

Sasa nirudi kwenye Biblia. Torati ina amri fupi ambayo ningetamani ihubiriwe katika kila kigango chenye mwalo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mtu anayejenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukingo kuzunguka dari, asije mtu akaanguka na nyumba ile ikabeba damu. Nyumba za nchi ile zilikuwa na dari tambarare, watu wakikaa na kulala juu yake. Angalieni amri hiyo inasema na nani. Muuaji hatajwi. Anayetajwa ni mwenye nyumba mwema, asiye na chuki na mtu, ambaye kosa lake lote ni kutoweka ukingo; na bado Mungu anaita matokeo yake damu. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinakwenda mbali zaidi katika lugha ambayo Msukuma mfugaji anaielewa bila mkalimani. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini ikiwa ng'ombe huyo alijulikana tangu zamani kuwa mkali, na mwenyewe alionywa na hakumfunga, hatia ya kifo inamrudia yeye. Sheria hiyo inaweka tofauti kati ya bahati mbaya na uzembe kwa kuuliza swali moja tu: je, ilijulikana? Baada ya Mei 1996 hakuna mtu katika nchi hii anayeweza kusema kwamba hatari ya kujaza abiria haikujulikana.

Iko sheria nyingine, katika Kumbukumbu la Torati 21, inayowahusu ninyi moja kwa moja kwa sababu inawahusu wazee na makuhani. Maiti ikiokotwa porini na muuaji hajulikani, wazee wanatakiwa watoke, wapime umbali kutoka pale ilipo maiti hadi miji ya jirani, na mji ulio karibu zaidi ubebe wajibu. Wazee wa mji huo wanasimama mbele ya makuhani na kutamka hadharani kwamba mikono yao haikumwaga damu ile. Hawaruhusiwi kuzika kimya kimya na kwenda nyumbani. Kifo kisicho na mwenyewe kinatafutiwa mwenyewe, na viongozi wa dini wanashuhudia upimaji. Nikisoma sura hiyo naona kazi ambayo Mungu aliwapa viongozi wa ibada tangu mwanzo: kusimama kati ya maiti na mji, na kuhakikisha mji unajibu.

Ninajua jibu ambalo wengi wa waumini wetu watatoa, na ambalo baadhi yenu huwa mnalisaidia pale kaburini: ni mapenzi ya Mungu, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Kama neno la faraja kwa mama aliyefiwa, sina ugomvi nalo. Kama maelezo ya chanzo cha kifo, linamsingizia Mungu kazi ya mtu aliyekata tiketi kupita idadi. Yesu mwenyewe aliletewa habari za watu waliouawa, naye akauleta mfano wa ajali ya jengo: mnara wa Siloamu uliowaangukia watu 18. Luka anaieleza katika sura ya 13. Watu walikuwa tayari kusema kwamba waliokufa walikuwa na dhambi kuliko wengine, na Yesu akaikataa hoja hiyo papo hapo, kisha akawageukia walio hai na kuwataka watubu. Toba anayoidai baada ya ajali inawaangukia waliobaki. Mhubiri anayesimama Bwisya au Igoma akawaambia wafiwa wajitayarishe kwa kifo chao, bila kuwataka wenye vyombo, wakaguzi na watawala watubu uzembe wao, ameisoma nusu ya sura hiyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo hutoka katika Warumi 13: mamlaka imewekwa na Mungu, mkristo aitii, alipe kodi, aombee viongozi. Nalikubali. Ila nawaomba mmsome Paulo wote. Mtu huyo huyo aliyeandika Warumi 13 tunamkuta katika Matendo 27 akiwa mfungwa melini, chini ya ulinzi wa akida wa Kirumi. Majira ya hatari yamefika, na Paulo, asiye nahodha wala mwenye chombo, anasimama na kuwaonya kwamba safari itaangamiza mizigo, meli na maisha ya watu. Luka anaandika kwamba akida aliwasikiliza nahodha na mwenye meli kuliko maneno ya Paulo, na kwamba wengi walipenda safari iendelee. Meli ikavunjika. Paulo hakuona kwamba kuonya mamlaka juu ya usalama wa chombo ni kuvunja utii. Aliendelea kumheshimu akida, akamshauri tena dhoruba ilipokolea, na alipoona mabaharia wanataka kutoroka na mashua akasema waziwazi ili wote waokolewe. Katika sura hiyo hiyo Luka anatuambia kwamba melini walikuwemo watu 276, mfungwa na askari wakihesabiwa pamoja. Chombo cha karne ya kwanza kilijua kimebeba roho ngapi. Daraja la tatu la MV Bukoba halikujua.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba dini na siasa zisichanganywe, nitamuuliza anazungumzia siasa ipi. Kama ni ya vyama, niko upande wake. Sheria yetu hairuhusu chama cha siasa kilichojengwa juu ya dini, na ni sheria njema. Padre akipanda jukwaa la chama chochote ameiuza madhabahu ambayo si yake. Lakini idadi ya abiria kivukoni, ukaguzi wa mitumbwi ya mbao, boti ya uokoaji iliyo na mafuta, haya hayana rangi ya chama. Yameamuliwa na vikao vya watu kwa fedha za watu, na watu wale wale ndio wanaokufa yakiamuliwa vibaya. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, mkatoliki aliyejitahidi sana serikali yake isiwe na dini, aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York mwezi Oktoba 1970 kwamba Kanisa lisiloshiriki kwa vitendo kupinga mifumo inayowafanya watu kuwa maskini litahesabiwa pamoja na udhalimu. Aliyasema hayo akiwa rais aliye madarakani, yaani yeye ndiye angekuwa wa kwanza kuulizwa na Kanisa la namna hiyo. Alitaka kuulizwa. Sijui hoja yenye nguvu kuliko hiyo dhidi ya wanaolitumia jina lake kuwanyamazisha viongozi wa dini.

Tena si kwamba kazi hii ni ngeni kwenu. Mwezi Machi 2008 Jumuiya ya Kikristo Tanzania, Baraza la Maaskofu Katoliki na Baraza Kuu la Waislamu Tanzania (BAKWATA) walitoa kwa pamoja ripoti kuhusu dhahabu, iliyoandikwa na Mark Curtis na Tundu Lissu. Wakati huo Geita ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Mwanza, na mgodi wake mkubwa ulikuwa umeanza kuchimbwa tangu mwaka 2000. Viongozi wa dini hawakutoa tamko la jumla la kusikitikia umaskini. Walitafuta mikataba, wakasoma hesabu za kampuni, wakalinganisha mrabaha wa asilimia 3 na thamani ya dhahabu iliyosafirishwa, wakaonyesha misamaha ya kodi ilivyokuwa ikilikosesha taifa mapato. Mwaka 2012 kamati ya pamoja ya dini hizo ikaja na ripoti ya pili juu ya mapato ya kodi yanayopotea kila mwaka. Sheria ya madini ya 2010 ilipandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 4, na mabadiliko ya 2017 yakaufikisha asilimia 6. Sisemi kwamba ripoti zenu ndizo peke yake zilizoleta hayo; ilikuwepo tume ya Jaji Bomani, wapo wabunge waliopiga kelele, na baadaye akaja rais aliyeamua kupambana. Lakini mlikuwa miongoni mwa waliosema mapema, mkiwa na namba mkononi, na hakuna aliyeweza kuwajibu kwamba hamjui mnachosema.

Mfano huo unajibu pia hofu ya ndugu zetu Waislamu, ambayo tusiipuuze. Wamelalamika kwa miaka mingi kwamba makanisa yana mkono mrefu serikalini, na makubaliano ya mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa kuhusu huduma za jamii yamekuwa mfano wanaoutaja mara kwa mara. Kanisa likijitokeza peke yake kuidai haki, hata haki iliyo wazi, linaweza kuonekana linajipanulia eneo. Katika suala la dhahabu makanisa yalikwenda na BAKWATA bega kwa bega, na haikuwezekana kuligeuza kuwa madai ya Wakristo. Majini ni vivyo hivyo: waliozikwa Ukara walikuwa wa dini zote. Barua yoyote mtakayoiandika kuhusu ziwa iwe na sahihi ya shehe wa mkoa. Msipoipata, itafuteni zaidi kabla ya kuituma.

Najiuliza kwa nini nguvu ile ya dhahabu haikushuka hadi kwenye gati. Sidhani ni woga peke yake. Dhahabu ilikuwa na kampuni ya kigeni ya kulaumiwa. Kivuko kina mkurugenzi tunayemfahamu, mkaguzi anayesali parokia ya jirani, diwani aliyechangia bati za kanisa. Kumuuliza mgeni ni rahisi. Tena ripoti ya dhahabu ilifanyiwa kazi Dar es Salaam na watu waliopewa muda na fedha, ilhali mambo ya ziwa yanamwangukia katekista wa kisiwani mwenye baiskeli na daftari. Hapo ndipo naona udhaifu wa ushuhuda wetu wote wa kijamii katika nchi hii. Nyaraka za maaskofu kuhusu mambo ya taifa zimekuwa na ujasiri: ule ujumbe wa Kwaresima wa maaskofu Katoliki wa 2018, waraka wa Pasaka wa maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mwaka huo huo, tamko la maaskofu Katoliki la Agosti 2023 kuhusu mkataba wa bandari. Zimesomwa mimbarani na kujadiliwa magazetini. Lakini kanisa halikai Dodoma. Linakaa kwenye jumuiya ndogo ndogo, kwenye mtaa, kwenye mwalo, na huko ndiko linakojua jina la kila aliyekufa na la kila aliyesimama gatini siku hiyo. Pale lilipo na maarifa mengi zaidi ndipo lilipo na sauti ndogo zaidi.

Woga nao upo, na una sababu. Baada ya nyaraka za 2018 msajili wa jumuiya aliiandikia KKKT barua ya kutaka waraka ufutwe. Waziri wa mambo ya ndani akaikana barua hiyo na kumsimamisha kazi aliyeiandika, ila kila mchungaji alikuwa ameshaelewa kwamba usajili wa kanisa unaweza kuguswa. Usiku wa 30 Aprili 2025 Padre Charles Kitima, katibu mkuu wa Baraza la Maaskofu, alishambuliwa Kurasini. Mwezi Juni mwaka huo kanisa la Ufufuo na Uzima la Askofu Gwajima lilifutiwa usajili baada ya yeye kukemea utekaji wa watu. Kisha yakaja mauaji ya siku za uchaguzi wa Oktoba 2025, ambayo vidonda vyake bado vibichi. Sitamwambia mchungaji mwenye familia kwamba hakuna hatari. Nitamwambia kwamba kadiri mambo makubwa yanavyozidi kuwa ya hatari kuyasema, ndivyo inavyokuwa muhimu zaidi tusipoteze desturi ya kuuliza yale ambayo sheria yenyewe inatutaka tuyaulize. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Idadi ya abiria imeandikwa kwenye cheti cha chombo. Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC) lipo kwa ajili ya kukagua vyombo. Jumuiya iliyozoea kuuliza kuhusu mtumbwi itajua namna ya kuuliza kuhusu mtu aliyepotea, na jumuiya iliyonyamaza kwa mambo madogo haitapata sauti ghafla siku ya mambo makubwa.

Kuna woga wa aina nyingine ambao hatuusemi, nao ni wa mshirika. Bugando ilijengwa na Kanisa, ikafunguliwa 1971, ikachukuliwa na serikali, ikarudishwa kwa maaskofu mwaka 1985, na leo inaendeshwa kwa ubia ambamo serikali inabeba sehemu kubwa ya mishahara. Shule zenu, vyuo vyenu, zahanati zenu za visiwani, zote zinahitaji kibali, ruzuku na hisani ya ofisi fulani. Ni ubia mzuri na umeokoa maisha ya maelfu. Walionyonyesha watoto wao katika wodi za Bugando hawahitaji kuelezwa. Hata hivyo huduma inaweza kuwa sababu ya kunyamaza, kwa kuwa mwenye hospitali ana kitu cha kupoteza. Nawaomba mwone kinyume chake: aliye na hospitali ana haki zaidi ya kuuliza, maana ndiye anayepokea gharama. Kwa miaka mingi wagonjwa wa Sengerema na Geita walingoja kivuko cha Kigongo na Busisi kabla ya kufika Bugando. Daraja lililozinduliwa 19 Juni 2025, lenye urefu wa kilomita 3, limewaondolea adha hiyo, na limeonyesha kwamba majini pia serikali ikiamua inaweza. Wagonjwa wa Ukara, Irugwa na Kome hawawezi kujengewa daraja. Wao usalama wao ni chombo kilichokaguliwa, na anayejua ni wangapi hufika wamechelewa ni daktari wenu.

Na kabla hamjamuuliza yeyote, safisheni mlango wenu. Harambee za makanisa zimekuwa mahali ambapo mwanasiasa hupewa kiti cha mbele na kipaza sauti kwa bahasha, hasa mwaka unapokaribia uchaguzi. Mgeni rasmi akishachangia mifuko ya saruji mbele ya waumini, mchungaji atamwuliza nini kesho yake kuhusu kivuko? Hakuna sheria ya nchi inayowazuia kumpokea mtu huyo kama muumini mwingine yeyote: aketi kwenye benchi, atoe sadaka yake kwenye kapu lile lile, asipewe nafasi ya kuhutubia. Jambo la pili ni vyombo vyenu wenyewe. Kwaya zinazokwenda matamasha ya visiwani, mahujaji, wanafunzi wa kipaimara, mikutano ya injili: chombo chochote kinachokodiwa na kanisa kisiondoke mwaloni kabla abiria hawajahesabiwa na majina yao kuachwa nchi kavu, na kila mmoja avae jaketi la kujiokolea lililofungwa kifuani, sio lile linalokaliwa kama mto. Mwenye mtumbwi akikataa, safari iahirishwe, hata kama askofu anasubiriwa upande wa pili.

Baada ya hapo, ulizeni. Kila mtu anapozama, kigango au usharika uandike ukurasa mmoja: jina, tarehe, chombo, idadi ya waliokuwemo, idadi inayoruhusiwa, saa uokoaji ulipofika na nani aliyeokoa. Ukurasa huo upelekwe kwa mtendaji wa kata, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri na kwa dekania au jimbo lenu. Kamati ya viongozi wa dini ya mkoa iukusanye pamoja na za misikiti, na mara moja kwa mwaka iwaite wakaguzi, polisi wanamaji na wakurugenzi wa halmashauri za mwambao wajibu mbele ya watu. Kazi hii haihitaji mfadhili. Inahitaji daftari na kalamu, na mzee wa kanisa ambaye hawezi kutishwa kwa urahisi; kila kigango kinaye mmoja.

Wapo watakaosema kwamba mnaiacha Injili mkifanya kazi ya asasi za kiraia. Wakumbusheni kwamba karatasi hiyo ina jina la mtu aliyebatizwa mikononi mwenu, au la jirani yake mnayetakiwa kumpenda kama nafsi zenu, na kwamba kuliandika jina lake ni kumkiri kuwa mtu. Daraja la tatu la MV Bukoba lilijaa watu ambao hakuna aliyeona haja ya kuwaandika.

Niongeze jambo la muda, maana nia njema nyingi hufia hapo. Bajeti za halmashauri huandaliwa mapema mwaka na kupitishwa na madiwani kabla Bunge la bajeti halijaanza mwezi Aprili. Boti ya uokoaji ya Ukerewe, mafuta yake, mshahara wa anayeiendesha na posho ya mkaguzi wa mialo, kama havimo katika makabrasha hayo vitasubiri mwaka mwingine. Kurasa zenu za mwaka huu zikitaka kuzaa kitu, zinatakiwa ziwe mezani kwa madiwani kufikia Januari. Anzeni na Ukara, Irugwa, Kome na Maisome, halafu mje pwani ya Magu na Ilemela.

Mlei wenu,
Mwanza